Kidude Nilichokitoa Kwenye Gari la Desderi

Nyinyi vijana mna kimashine. Mnakichomeka chini ya usukani, mnasubiri kidogo, kinawaandikia namba na jina la ugonjwa, halafu mnamwambia mwenye gari, "Mzee, sensa imekufa," huku mnafuta mikono ambayo bado ni misafi. Nawaonea wivu, sikatai. Lakini juzi nilikaa kwenye gereji moja hapa mjini nikamwona mmoja wenu akibadilisha sensa ya tatu kwenye gari lile lile. Taa ilikuwa bado inawaka, na yeye alikuwa bado anailaumu sensa. Nikacheka peke yangu. Kijana yule nilikuwa mimi, ila yeye ana kimashine na mimi nilikuwa na kipande cha waya.

Nitawaeleza habari ya gari moja na dereva wake, Desderi. Msihangaike kumtafuta mkosaji njiani, maana namtaja sasa hivi: ni mimi. Kilichonisumbua hakikuwa kujua nani kakosa. Kilichonisumbua ni nilivyochelewa kujua, na nilichotakiwa kufanya baada ya kujua.

Kwanza mnijue. Shule niliiacha darasa la tano. Sikuwa mjinga, miguu ndiyo ilikuwa inawasha. Nimezaliwa Chala, nikapanda lori la mahindi kwenda Mpanda bila kuaga, nikarudi baada ya miaka miwili na viatu vya mtu mwingine. Nimeuza samaki wakavu Muze. Nimechunga ng'ombe wa Wasukuma kule bondeni msimu mmoja, mpaka mwenye ng'ombe akaniambia kwa upole kwamba ng'ombe wake wamenizoea kuliko ninavyowazoea mimi. Nimepakia mizigo Tunduma. Kila nilipokwenda, kitu chochote kilichofungwa kwa skrubu nilitaka kujua ndani kuna nini. Mama yangu, Mungu amrehemu, akisikia nimerudi nyumbani alikuwa anaficha saa ya ukutani.

Ufundi nilifundishwa na Mzee Ladislaus, pale Kizwite, hapa hapa Sumbawanga. Gereji yake ilikuwa kiwanja cha udongo kilichozungushiwa mabati ya mapipa, na malori ya dizeli yalipanga foleni mpaka barabarani. Mzee alikuwa anaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, kisha anasema, "Silinda ya nne." Mnafungua, ni silinda ya nne. Sijawahi kumwona akikosea kwenye dizeli. Nawaambia hivyo kwa sababu nitamsema kidogo baadaye, na sitaki mumdharau.

Mzee alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Kila injini iliyoingia pale kwa kosa la kuchemsha, kitu cha kwanza kutolewa ilikuwa themostati. Mnaijua: kile kidude cha shaba, duara, chenye mlango mdogo, kinakaa pale maji yanapotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ili ipate joto haraka. Ikipata joto kinafungua.

"Hiki ni kitu cha watu wa barafu," Mzee alisema siku yangu ya kwanza, akakitupa kwenye kopo la maziwa ya unga. "Sisi jua tunalo. Maji yapite tu."

Kopo lile lilikuwa limejaa. Mjini kote mafundi walifanya hivyo hivyo, na wenye magari walikuwa wanaomba wenyewe: "Fundi, nitolee na kile kidude." Hakuna aliyejiuliza kwa nini tunasema jua tunalo huku mwezi wa sita tunakwenda kazini na makoti mawili. Ufipa ni juu. Upepo wa asubuhi hapa unaweza kumfanya mtu akumbatie mbuzi wa jirani.

Kwenye malori ya zamani haikudhuru sana. Injini ilikula mafuta kidogo zaidi, dereva akatukana barabara, maisha yakaendelea.

Halafu ikaja ruksa. Biashara ikafunguliwa, bandarini yakaanza kushuka magari ya Kijapani yaliyotumika, na baada ya muda yakapanda mpaka kwetu. Mashangingi! Marefu, yana vioo vya kujipandisha vyenyewe, yana feni ya kupuliza joto ndani, na kwenye dashibodi yana taa ndogo ya njano yenye picha ya injini. Taa hiyo ilitutesa. Hatukuwa na kitabu, na kama tungekuwa nacho kingekuwa cha Kijapani. Unajua tulifanya nini? Tulitoa balbu. Gari linaingia na taa, linatoka bila taa, mteja anashukuru. Wengine walibandika kipande cha plasta nyeusi juu yake. Wageni waliotoka mbali ndio walikuwa wa ajabu zaidi. Gari likizima Sumbawanga, walitafuta mchawi kabla ya kutafuta plagi.

Mimi balbu ilinikera. Nilijiuliza, Mjapani mzima ameweka taa, kavuta waya mpaka pale, kwa ajili ya pambo? Nikaacha kazi bila kuaga, tabia yangu ileile, nikarudi Tunduma. Kule nikamkuta fundi mmoja Mkongo, mtu wa maneno machache na kofia ya sufu. Alifungua boneti ya shangingi, akafungua kiboksi kidogo cheusi chenye matundu na herufi, akachomeka waya kuunganisha matundu mawili, akawasha swichi bila kupiga stata. Taa ikaanza kukonyeza. Mara mbili, ikapumzika, mara moja.

"Ishirini na moja," akasema. "Sensa ya moshi, kule kwenye ekzosi."

Nilimkalia Mkongo yule wiki tatu. Nilimfulia hata ile kofia. Akaniruhusu ninakili karatasi yake yote kwenye daftari la shule, namba na maana yake, na nikarudi Sumbawanga, gereji ileile ya Mzee, najiona daktari.

Siku ya kwanza nilijiaibisha. Gari la mfanyabiashara wa mahindi, watu wamezunguka, mimi na waya wangu. Taa ikakonyeza mbili, moja, ikapumzika kirefu, mbili, sita. Hizo ni namba mbili tofauti, ishirini na moja na ishirini na sita. Lakini mimi na darasa la tano langu hesabu niliyoipenda ni ya kujumlisha, nikajumlisha yote. Kumi na moja. Nikafungua daftari, kumi na moja inasema swichi ya umeme imekatika. Nikafungua dashibodi nzima. Mama Skola, mama lishe aliyekuwa anauza chai na maandazi mlangoni kwetu, ndiye aliyeniuliza, "Fundi, mbona ikifika katikati inapumzika sana? Si inataka kukwambia neno jingine?" Mwanamke hajawahi kushika spana. Nikamwambia asiingilie kazi za watu, kisha alipogeuka nikahesabu upya.

Basi, tulipofika mwezi wa nne wa mwaka ule, mimi ndiye nilikuwa bingwa wa taa mjini. Ndipo Desderi alipoingia na shangingi la mradi mmoja wa maji. Lilikuwa jeupe, la petroli, na lilikuwa limechemsha kwenye mlima likitoka Muze. Desderi alikuwa mtu mnene, mtaratibu, anayefuta vioo vya gari kwa kitambaa chake mwenyewe. Jumapili kanisani ndiye aliyekuwa anapitisha kapu la sadaka.

"Fundi, mvuke ulikuwa kama treni," akaniambia. "Meneja alikuwa ndani. Ameshuka kwa kuruka."

Sikuchomeka waya, sikuchungulia rejeta, sikuuliza swali. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye zile bolti mbili. Dakika kumi, themostati mkononi.

"Hicho hakihitajiki?" Desderi akauliza.

"Kinahitajika kwenye barafu."

Nikakitupia kwenye kopo. Kesho yake wakashuka Muze, wakapanda, gari halikuchemsha. Nikasifiwa. Siku ile ilinyesha mvua tangu asubuhi mpaka jioni, hata sufuria mekoni isingechemka, lakini hilo nililifikiria baadaye sana.

Mwezi wa tano ukiisha, taa ya njano ikawaka. Desderi akaja, nikachomeka waya, ikakonyeza mbili na moja. Sensa ya moshi. Nikaifuata namba moja kwa moja: nikapata sensa kwenye gari lililopinduka, nikaifunga, nikachomoa fyuzi kwa dakika moja ili kontroli boksi, ile kompyuta ya gari, isahau, taa ikazima. Baada ya wiki mbili ikarudi, namba ileile. Nikasema ni petroli mbaya. Nikatafuta sensa nyingine. Ilipowaka mara ya tatu nikaanza kuchukia ile taa kama mtu anayenisema vibaya.

Hapa ndipo kuna somo langu lote la kodi, yaani zile namba za taa, mlishike. Namba inakutajia aliyelalamika, haikutajii aliyekosa. Mtu akilia mtaani kwako usiku kucha, unaweza kumwambia anyamaze, unaweza hata kumhamisha, lakini kama kuna anayempiga, utakayemleta mahali pake naye atalia. Sensa ile inakaa kwenye ekzosi, kazi yake kunusa moshi. Ilikuwa inasema moshi ni mzito, mafuta ni mengi mno. Nami nilikuwa nabadilisha pua.

Na jambo jingine: msifute kodi kabla hamjaiandika na kabla hamjamsikiliza dereva. Ukifuta kwanza, umemfukuza shahidi.

Jumanne moja mwishoni mwa mwezi wa sita Desderi alikuja bila gari. Alikuja kwa miguu kutoka ofisini kwao, akakaa kwenye benchi la Mama Skola, akaletewa chai akaiacha ipoe. Sisi wote tulimtania kwanza.

"Leo umeshushwa cheo, braza?" Mama Skola akasema. "Unatembea kama sisi!"

"Bado," akajibu. "Jumatatu."

Akanieleza. Gari lilikuwa linakula mafuta kuliko zamani, tena sana. Safari za zamani zilezile, barabara zilezile, lakini tenki linaisha kabla ya wakati. Meneja, mtu aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, alilinganisha daftari la safari la miezi iliyopita na la sasa, akamwita. Hakupiga kelele. Alimwuliza tu, "Desderi, unauza kwa madumu au kwa chupa?"

"Nilimwambia siuzi," Desderi akasema. "Akaniambia kila dereva husema hivyo. Jumatatu ananipa barua."

"Utapata kazi nyingine," nikasema, kumfariji.

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kazi nitapata. Lakini Jumapili itakayofuata nitapitisha kapu na watu wanajua nimefukuzwa kwa wizi? Wewe ungetia sadaka?"

Nikamwambia kesho naingia naye kwenye gari, niisikilize hiyo injini ikiwa safarini. Nilikuwa nimeshalisikiliza likiwa limesimama, mara tatu, na halikunieleza kitu.

Jumatano asubuhi tukaelekea Chala, yeye alikuwa na mabomba ya kupeleka. Baridi ilikuwa ile ya kuuma masikio. Mimi nilikaa na daftari langu magotini, natega sikio, nanusa. Petroli ilinukia kwa nyuma, kidogo. Tulipita mashamba ya ulezi yaliyovunwa, tukapandisha, tukateremka. Nikaona mikono ya Desderi imevaa soksi. Soksi, za miguuni.

"Si uwashe feni ya joto?" nikamwambia. "Hii gari inayo."

"Ipo, lakini inapuliza upepo wa friji."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku uliponitolea kile kidude," akasema, huku anakwepa shimo. "Nilitaka kukwambia, nikaona ni jambo dogo, nitaonekana nadeka."

Nikatazama mshale wa joto kwenye dashibodi. Tumetoka mjini karibu saa nzima iliyopita, na mshale ulikuwa umelala chini kabisa, kama gari limewashwa sasa hivi.

"Simama," nikasema.

"Kuna nini?"

"Simama tu, Desderi."

Nikafungua boneti, nikashika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu. Baada ya saa nzima ya barabara ulitakiwa kuniunguza. Ulikuwa vuguvugu, kama chai aliyoiacha jana. Na hapo yote yakajipanga kichwani mwangu bila kuhesabu. Injini haijawahi kupata joto tangu mwezi wa nne. Kontroli boksi inadhani kila wakati ni asubuhi, gari ndiyo kwanza linawashwa, basi inalimwagia mafuta kama ya kuamshia, saa zote, kilomita zote. Mafuta yasiyoungua vizuri yanakuwa masizi, masizi yanaiziba sensa ya moshi, sensa inalia, taa inawaka. Na mimi nimekaa mkiani natukana pua wakati kosa liko kichwani, mahali nilipolitia kwa mikono yangu.

Kwenye lori la Mzee Ladislaus hakuna kompyuta ya kudanganyika. Kwenye shangingi ipo.

Nilimwambia Desderi pale pale barabarani. Naye akaushika ule mpira.

"Kwa hiyo mwizi wa mafuta ni wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Basi kirudishe upesi, twende."

Nami nilitaka hivyo hivyo. Kirudi, gari lipone, nani ajue? Tulikuwa tumefika Chala, tunashusha mabomba, ndipo nilipoiona hatari, na nilitamani nisingeiona. Kama ningekirudisha kimyakimya, matumizi ya mafuta yangeshuka wiki ileile aliyotuhumiwa. Meneja angesemaje? Angesema mwizi amestuka, ameacha. Dawa yangu ya siri ingekuwa ushahidi wa kumfunga Desderi. Njia iliyobaki ni moja, mimi kusimama mbele ya yule bwana na kusema nilichofanya, na kuthibitisha kabla kidude hakijarudi.

Jioni nilimweleza Mzee Ladislaus. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Unataka kwenda kuwaambia watu wa Dar kwamba mafundi wa Sumbawanga tunaharibu magari?"

"Shikamoo kwanza, Mzee, sijakwenda bado."

"Marahaba. Hili kopo limejaa vidude vya mji mzima. Ukisema hiki kimoja, umesema vyote. Kesho kila mwenye gari atakuja kudai chake."

"Na Desderi?"

Mzee alichukua kopo, akalitikisa kidogo, vikalia kama njuga. Halafu akalisukuma mezani mpaka kwangu. "Tafuta kinachofanya kazi," akasema. "Humo vingine ni vibovu kweli." Akaenda kunawa. Hatukulizungumza tena.

Alhamisi asubuhi nilimwomba Mama Skola sufuria.

"Ya nini?"

"Nataka kuchemsha hivi."

Akachungulia kwenye kopo. "Supu ya vyuma! Na chumvi nitie?" Lakini akanipa, ile ya chai, kwa sharti kwamba nitaisugua mwenyewe kwa mchanga. Nikatumbukiza themostati tano za saizi ile kwenye maji baridi, nikaziinua kwa uzi mmoja mmoja yalipoanza kuchemka. Mbili hazikufungua kabisa, hizo zilikuwa na haki ya kufukuzwa. Moja ilifungua ikabaki wazi. Mbili zilifungua vizuri na zilipotoka kwenye moto zikajifunga taratibu. Wateja wa chai waliacha maandazi wakaja kutazama. Nyinyi fanyeni hivyo na kila themostati, hata mpya ya dukani. Sufuria na moto havidanganyi.

Nikapiga rejeta tochi, jambo nililopaswa kulifanya mwezi wa nne. Mbele yake, katikati ya mapezi, palikuwa na mbegu za nyasi, matope makavu na wadudu wa bondeni waliojazana kama wamepigwa plasta. Hicho ndicho kilichochemsha gari kule Muze. Themostati niliyoitoa haikuwa na kosa lolote. Niliacha uchafu vilevile, makusudi, ili gari libaki kama lilivyokuwa, nikachukua sufuria ikiwa na maji ya moto nikaenda ofisini kwa mradi na Desderi nyuma yangu.

Meneja alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, ana miwani na sweta mbili. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Desderi.

"Umemlipa nini huyu fundi?"

"Sijamlipa kitu, bosi."

"Dereva na fundi," Meneja akasema, akitabasamu bila furaha. "Nimeshaona hili Dar. Mnalindana."

Nikaomba maji yachemshwe upya kwenye jiko la ofisini, nikaweka sufuria mezani kwake, juu ya gazeti. Nikatumbukiza themostati. Mlango wake mdogo ukasogea, ukafunguka. Nikaitoa, nikaipuliza, ikajifunga. Akavua miwani. Akaishika yeye mwenyewe kwa uzi, akatumbukiza, akatoa, akatumbukiza tena, kama mtoto aliyepata kitu cha kuchezea.

"Hii inathibitisha kwamba kidude kinafanya kazi," akasema. "Haithibitishi kwamba mafuta hayakuuzwa."

"Ndiyo maana nakuomba uendeshe mwenyewe," nikamjibu. "Kesho tunajaza tenki mpaka mdomoni, unakwenda Chala na kurudi bila kidude, unajaza tena kwa dumu lako, unatazama. Keshokutwa nakirudisha mbele ya macho yako, nasafisha rejeta, unakwenda tena, unajaza tena. Desderi asiguse hata kofia ya tenki."

"Na kama tofauti haipo?"

Sikuwa nimejiandalia swali hilo. "Basi mwandikie barua yake," nikasema, "na mimi nitafunga boksi langu la spana nirudi Tunduma." Desderi alinitazama vibaya sana. Ilikuwa barua yake niliyoiweka rehani, haikuwa yangu.

Ijumaa Meneja alishika usukani. Mimi nilikaa pembeni yake, na Desderi akakaa nyuma, mahali pa bosi, magoti pamoja, kapakata mikono kama yuko kanisani. Meneja aliendesha kama mtu wa lami, akipiga breki kwenye kila kivuli. Tuliporudi tukajaza: dumu la lita ishirini likaingia lote, tukafungua la pili, nalo likapungua vizuri. Meneja akaandika kwenye kiganja.

Jumamosi asubuhi nikafunga themostati mbele yake, nikapuliza rejeta kwa maji kutoka nyuma kwenda mbele mpaka yalipotoka safi, nikasugua sensa ya moshi, nikachomoa fyuzi na kuirudisha. Tukaondoka. Kabla hatujatoka nje ya mji mshale wa joto ukainuka, ukasimama katikati, ukakaa. Mimi nilitaka kupiga kelele, nikajikaza. Baadaye kidogo Meneja akanyoosha mkono akagusa swichi ya feni. Joto likatoka. Akavua sweta moja.

Nyuma, Desderi akavua soksi za mikono, akazikunja, akazitia mfukoni.

Tuliporudi, dumu moja lilitosha tenki, na chini likabaki kidogo. Meneja alilitikisa, akalisikiliza, akalitikisa tena. Taa ya njano haikuwaka. Akaweka dumu chini, mimi nikingoja aniseme, kwa kuwa nilistahili. Badala yake akazunguka gari mpaka alipokuwa amesimama Desderi, akampa funguo.

"Nirudishe nyumbani," akamwambia. "Mimi barabara zenu siziwezi." Kisha, baada ya kuketi kiti cha nyuma, akashusha kioo. "Desderi. Nilikosea."

"Haya, bosi," Desderi akasema, akawasha gari.

Mimi hakuniambia kitu. Kwa miezi minne gari lile lilipelekwa Mbeya kwa matengenezo, na mjini ikajulikana kwa nini. Mzee Ladislaus alisema kweli, watu walikuja kudai vidude vyao, na tuliwarudishia wenye magari ya kisasa, bure, mpaka kopo likabaki na vibovu tu. Baadhi walitutukana. Wengine walikuja na mashangingi ambayo hatukuwa tumeyaona kabla, wakasema wamesikia kuna fundi anayekubali kosa.

Halafu asubuhi moja shangingi jeupe likaingia getini. Ilikuwa huduma ya kawaida tu, oili na plagi. Desderi alishuka, akachukua ndoo, akaigeuza chini juu karibu na bampa, akakaa juu yake.

"Nenda ukanywe chai, itachukua muda," nikamwambia.

"Nimeshakunywa."

Nikafungua bolti ya kwanza.

"Hiyo inarudi?"

"Inarudi, Desderi."

"Na hiyo?"

"Hii plagi imekwisha. Naweka mpya."

"Nipe niione."

Nikampa. Akaigeuza, akainusa, akaifunga kwenye kitambaa chake cha kufutia vioo, akanyoosha kiganja kungoja ya pili. Siku ile nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Mara iliyofuata alipokuja na ndoo yake, nilianza kumwekea mkononi kila nilichokitoa, kabla hajaniomba.